Majirani Wawili Katika Shamba la Karanga

Shangazi yangu wa Bombo, Uganda, hapigi simu ovyo. Simu yake ikilia kabla ya saa mbili asubuhi, ama kuna msiba ama kuna mdudu. Asubuhi moja ya Aprili, baada ya mvua iliyonyesha usiku kucha, alikuwa mdudu.

"Mwanangu, nimekutumia picha. Bomba liko mgongoni na dawa nimeshaichanganya. Niambie upesi, hawa ndio wanaomaliza karanga zangu?"

Picha yenyewe ilikuwa na ukungu. Jani la karanga, kidole gumba cha shangazi, na viduara viwili vyeusi vinavyong'aa, vyenye mabaka ya rangi ya chungwa. Ukingoni kabisa mwa picha palikuwa na kiumbe wa tatu ambaye shangazi hakumtaja: kadudu kembamba, keusi, kenye madoadoa meupe, umbo lake kama la mamba aliyesinyaa akawa mdogo kuliko punje ya mchele.

"Shangazi, tua bomba," nikamwambia. "Hao ni Cheilomenes."

"Ni kina nani?"

Kiswahili cha vitabuni kinamwita mdudu kibibi. Sisi Bombo tulikulia katika Kiswahili na Kinubi, na Kiganda cha sokoni, na sikumbuki kumsikia mtu yeyote akilitamka jina hilo. Tulisema kadudu ka madoa, basi. Mabuu yake, yule mamba mdogo wa kwenye picha, hatukuyapa jina hata moja. Nilipokuwa na miaka kama kumi, bibi alinituma kwenye kunde na kopo la maji ya sabuni niokote wadudu waharibifu, na nilikuwa mtoto hodari, kopo lilijaa. Nikikumbuka rangi na umbo la vilivyoelea mle, najua sasa kwamba sehemu kubwa ilikuwa mabuu ya wadudu kibibi. Vidukari, wale wadudu mafuta weusi waliokuwa wakizinyonya kunde zenyewe, niliwaacha kwenye mashina kwa sababu walikuwa wadogo mno kushikika. Bibi aliniongezea kipande cha gurusa, mkate wetu wa Kinubi, siku hiyo.

Kwa hiyo mtu akiniuliza ilikuwaje mwalimu wa sekondari akaanza kutembea na lenzi mkobani, sina hadithi ya kupendeza. Nina kopo.

Nianze na lile ambalo shangazi alilitaka: utamjuaje? Watu wote huanzia kwenye madoa, na madoa ndiyo yanayodanganya zaidi. Wadudu kibibi ni familia ya mbawakawa, Coccinellidae, yenye spishi zipatazo 6,000 duniani, na wengi wao hawana doa lolote la kukufurahisha. Ni viduara vya kahawia, vya milimita mbili hivi, vyenye manyoya, vinavyoishi juu ya magamba ya wadudu wengine na havichorwi kwenye vitabu vya watoto. Upande wa pili wapo mbawakawa wa majani, familia nyingine kabisa, wenye umviringo na rangi na madoa ya kumdanganya hata mtu mzima.

Mgeuze mgongo chini. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa na mzee mmoja aliyekuwa fundi wa maabara, mtu wa maneno machache, na ndivyo ninavyowafundisha wanafunzi wangu. Mdudu kibibi ataikunja miguu yake yote sita chini ya tumbo kama mtu anayeingiza mikono mifukoni, na pengine atatoa tone la njano kwenye maungio ya miguu. Tone hilo ni damu yake mwenyewe, chungu na yenye harufu, na ndege akiionja mara moja hukumbuka. Rangi kali za mgongoni zipo kumsaidia ndege huyo kukumbuka.

Sasa chukua lenzi ya mara 10 utazame mguu. Unyayo wa mbawakawa umegawanyika katika pingili. Kwa mdudu kibibi utahesabu tatu. Kwa kweli ni nne, ila ya tatu ni ndogo sana na imejificha ndani ya ya pili, iliyopasuka katikati kama kwato. Kwa mbawakawa wa majani utahesabu nne, naye pia amekuficha moja, anazo tano. Nilipoelezwa haya mara ya kwanza nilicheka: familia mbili zinazofanana kwa sura, na kila moja inasema uongo wa pingili moja. Lakini uongo wenyewe haubadiliki, na kitu kisichobadilika unaweza kukitegemea.

Baada ya mguu, mdomo. Pembeni mwa kinywa cha mdudu kibibi kuna vijipapasio viwili viitwavyo palpi, na pingili ya mwisho ya kila kimoja imepanuka kama bapa la shoka. Vipapasio vya kichwani, kinyume chake, ni vifupi, vimenenepa kidogo nchani, na mara nyingi vimefichwa chini ya kichwa usivione kabisa. Mbawakawa wa majani vyake ni virefu na hana haya navyo.

Shoka hilo lina historia yake. Mwaka 1850 Mfaransa Étienne Mulsant, mtu wa Lyon, alichapisha kazi kubwa juu ya wadudu kibibi wa dunia nzima, na kundi zima akaliita kwa vitu hivyo viwili, vidole vitatu na palpi za shoka. Hakuyataja madoa. Kabla yake Johan Christian Fabricius, Mdenmaki aliyesoma kule Uppsala, Uswidi, kwa Linnaeus, yule aliyeanzisha majina ya Kilatini ya maneno mawili kwa viumbe, alikuwa amewapanga wadudu wote aliowajua kwa kutazama sehemu za vinywa vyao. Wenzake waliangalia mabawa, yeye akaangalia mdomo. Kazi ya kuchosha macho, hasa kwa vioo vya wakati ule, lakini mimi namwelewa. Mdomo ndio unaokwambia kama mdudu amekuja kula karanga zako au kuwala wanaokula karanga zako, na hilo ndilo swali pekee lililokuwa mgongoni mwa shangazi yangu.

Fabricius ndiye aliyempa jina mmoja wa wale wa kwenye picha, au pengine wote wawili, na nitalirudia hilo la "pengine". Mwaka 1775 aliandika juu ya mdudu mweusi mwenye alama za mwezi mwandamo mgongoni akamwita Coccinella lunata. Luna ni mwezi. Wakati huo karibu kila mdudu kibibi aliwekwa chini ya Coccinella, chumba kimoja kwa ukoo mzima. Katika miaka ya 1830, kwenye orodha ya mbawakawa ya Mfaransa mwingine, Dejean, likatokea jina Cheilomenes, ambalo nusu yake ya kwanza ni neno la Kigiriki la mdomo. Mdomo tena. Mulsant naye akawaweka hawa wa Afrika chini ya jina lake, Cydonia, ambalo tayari ni jina la mti mmoja wa matunda wa ukoo wa waridi. Halikuzuiwa kwa sababu hiyo, maana sheria za majina ya mimea na za majina ya wanyama ni nyumba mbili zisizosalimiana. Lakini Cheilomenes lilitangulia, na katika sheria hizi aliyetangulia ndiye mwenye haki. Ukifungua vitabu vya zamani vya kilimo vya Afrika utakutana na Cydonia lunata. Ni huyu huyu, amebadilishiwa kitambulisho.

Ndiyo maana leo jina lake kamili huandikwa Cheilomenes lunata, na nyuma yake jina la Fabricius na mwaka 1775, vyote ndani ya mabano. Nilidhani mabano ni pambo. Sivyo. Mabano yanasema kwamba aliyempa mdudu jina alimweka kwenye jenasi nyingine, yaani kundi jingine la spishi zenye undugu, lile linalotajwa na neno la kwanza la jina, na kwamba baadaye amehamishwa. Asiyehama hapewi mabano. Napenda sana alama hii ndogo. Mtu akijua kuisoma, anaona safari.

Na kuna jambo ambalo nadhani msemaji wa Kiswahili hulielewa upesi kuliko wengine. Mdudu mmoja wa Asia, mwenye madoa sita, alipewa jina na Fabricius mwaka 1781. Wapo wanaomweka kwenye jenasi ya Menochilus, na humo anaitwa sexmaculatus. Wanaomleta huku kwetu kwenye Cheilomenes humwita sexmaculata. Maana ni ile ile, mwenye madoa sita, lakini jenasi ya kwanza ni ya kiume kwa Kilatini na ya pili ni ya kike, kwa hiyo kivumishi lazima kikubali. Kiti kizuri, meza nzuri. Wanafunzi wangu ambao walikuwa wakisinzia waliinua vichwa: kumbe hata Wazungu wa kale walikuwa na ngeli! Ndiyo, na ngazi yenyewe ambayo wadudu wote wamo, Insecta, kwa Kiswahili tunaiita ngeli.

Tukiwa hapo hapo kwenye ngazi: kati ya familia na jenasi kuna ngazi nyingine, na Kiswahili chake ni kabila. Cheilomenes ni wa kabila la Coccinellini. Niliandika hivyo ubaoni, mwanafunzi mmoja wa nyuma akasema, "Mwalimu, hata mdudu anaulizwa kabila?" Darasa likaangua kicheko na mimi nikacheka pamoja nao. Mtoto wa Bombo ameulizwa kabila mara nyingi kuliko mdudu yeyote. Wanubi tumo kwenye orodha ya jamii za Uganda iliyo katika Katiba ya 1995, lakini orodha hukaa kwenye kitabu, na swali hukaa kwenye foleni. Basi, tuendelee na mdudu.

Wa kabila la Coccinellini ni wale ambao watu wengi wanawajua: wakubwa kiasi, wa mviringo, mgongo laini usio na manyoya, unang'aa kama umepakwa mafuta. Cheilomenes ni mmoja wao, na kwenye mashamba ya Uganda ndiye nimkutaye zaidi. Ana urefu wa nusu sentimita au zaidi kidogo. Ngao ya shingo, ile sehemu iliyo kati ya kichwa na mabawa, ni nyeusi, na pembe zake za mbele zina weupe au umanjano, kama kola iliyogeuzwa. Mabawa yana weusi mwingi. Namtafuta penye vidukari, kwenye kunde, karanga, maharage, mahindi, pamba, na pia kwenye magugu ya kando ya njia ambayo hakuna anayeyapulizia dawa.

Mpaka hapo sina shaka. Shaka huanza hatua moja mbele.

Lunata ana miezi myeusi na myekundu mgongoni. Sulphurea, aliyepewa jina na Olivier mwaka 1791, ni wa njano ya kiberiti kwa mujibu wa jina lake. Rahisi, si ndiyo? Mwekundu huyu, wa njano yule. Shida ni kwamba mdudu kibibi anapotoka kwenye bundo, ile hatua ya kulala kabla ya kuwa mpevu, anatoka amepauka, wa njano hafifu, hana alama yoyote. Weusi hujitokeza baada ya saa kadhaa. Wekundu huchukua siku na wiki, ukiiva polepole kama embe. Kwa hiyo lunata kijana ana umanjano, na ukimpiga picha akiwa kijana, jina la sulphurea litakunong'oneza sikioni. Niliwahi kuandika kwenye daftari langu, kwa herufi kubwa na kwa fahari, "SULPHUREA, KUNDE ZA BIBI", nikamweka kwenye chupa yenye kitambaa juu. Nilipomtazama tena baada ya majuma mawili alikuwa wa chungwa iliyokolea. Ukurasa ule sijauchana, upo.

Kisha wapo hawa wawili wa Mulsant, wa mwaka ule ule wa 1850: Cheilomenes propinqua na Cheilomenes vicina. Tafuta maana yake kwenye kamusi ya Kilatini. Propinqua ni wa karibu. Vicina ni jirani. Mzee wa watu alikuwa na wadudu wawili mezani wanaofanana na wale wengine, na wanaofanana wenyewe kwa wenyewe, akamwita mmoja jirani na mwingine jirani. Sijui kama alichoka siku hiyo au alikuwa anatutania. Mimi nasikia ndani ya majina hayo sauti ya mtu mwaminifu, anayesema: hawa hawako mbali na hao.

Propinqua mara nyingi humtambui kwa miezi, bali kwa uwanja wa wekundu au uchungwa uliozungushiwa weusi, ukingoni na kwenye mshono wa katikati ya mabawa, kama chumba kilichopigwa rangi kwenye pembe zake tu. Lakini ana sura kadhaa, na wataalamu wa Misri walikuwa wakizipa sura hizo majina ya nyongeza, moja likiwa la mto Nili. Rangi moja spishi nyingi, spishi moja rangi nyingi. Anayetaka kuwatenganisha kwa yakini hana budi kumchukua dume, kumlainisha, kukitoa kiungo chake cha uzazi na kukitazama chini ya hadubini, maana mrija uliomo humo una umbo lake kwa kila spishi. Nyumba njema si mlango.

Ndiyo maana hushikwa na hasira, nakiri, mtu anapokuja na simu. Mwenzangu mmoja wa shuleni alinionyesha jibu la programu ya simu juu ya mdudu tuliyemkuta kwenye uzio wa shule. Programu ilisema Coccinella septempunctata, yule mwekundu mwenye madoa saba meusi anayejulikana sana Ulaya. Wetu alikuwa mweusi mwenye mabaka ya chungwa. "Lakini imesema," akaniambia. Nikamwambia na mimi nasema. Alitaka nitoe jina kamili, la maneno mawili, ili linipe uzito mbele ya programu, na kusema kweli ulimi uliniwasha kutamka lunata. Nikasema Cheilomenes, nikanyamaza. Aliona nimeshindwa.

Sikushindwa. Picha ya mgongo, ya mdudu asiyejulikana umri wala jinsia, haina neno la pili ndani yake. Kulitamka ni kuongeza kitu ambacho hukukiona. Wapo wapenzi wa wadudu wanaodhani kuishia kwenye jenasi ni uvivu, ni kama mwanafunzi aliyejibu nusu ya swali. Mimi nadhani ndiyo kazi yenyewe. Cheilomenes peke yake inanipa karibu kila kitu ninachohitaji shambani: anakula nini, mabuu yake yanafananaje, nipulizie au nisipulizie. Neno la pili ni la hadubini na la makabati. Ukitoka Kampala kwa taksi kuja Bombo unapita Kawanda, na mle kwenye maabara za utafiti wa kilimo kuna wadudu waliochomwa pini na kuandikiwa vijikaratasi, mahali na tarehe. Abiria wanashuka, wanapanda, wananunua muwogo wa kuchoma dirishani. Kila ninapopita hapo nahisi kama napita nyumbani kwa ndugu mwenye nyaraka za ukoo.

Jenasi nyingine ndizo za kuangaliwa kwa makini, maana si kila mdudu kibibi ni wa kuachwa. Wapo wanaokula majani. Epilachna na ndugu zake ni wa mviringo pia, wana madoa mengi meusi juu ya rangi ya matofali, lakini hawang'ai. Mgongo wao una manyoya mafupi laini, ukimtega kwenye jua utadhani amepakwa vumbi. Mdomo wake unaeleza habari yote: taya za Cheilomenes zina ncha iliyogawanyika mara mbili na jino kwenye shina, kifaa cha kukamatia na kukamulia windo. Taya za Epilachna zina meno mengi nchani na halipo lile jino la shinani, na hukwangua jani likabaki kama wavu. Mabuu yake ni ya njano yenye miiba iliyotoa matawi. Huyu ukimkuta kwenye malenge, biringanya au viazi, mwokote, mtie kwenye kopo. Hilo ndilo kopo ambalo bibi alilikusudia.

Kuna na mgeni wa kuchungulia. Harmonia axyridis, mdudu kibibi wa Asia, alipelekwa Marekani na Ulaya awale vidukari, akawala, kisha akawageukia na wenyeji. Afrika Kusini alionekana mwaka 2001. Ana rangi za kila namna, huwa mnene kuliko Cheilomenes wetu, na kwenye ngao yake nyeupe ya shingo mara nyingi kuna alama nyeusi kama herufi M. Nawaambia wanafunzi: mkiiona M, leteni mdudu mzima, msilete picha.

Shangazi alinisikiliza yote haya, kwa kifupi zaidi, bomba likiwa bado mgongoni. Akauliza swali gumu kuliko yote ya Fabricius. "Haya. Kama ni askari wangu, mbona karanga zimedumaa?"

Nilimwomba picha nyingine, ya mmea mzima. Majani yalikuwa madogo, yamebanana, ya njano, kichaka kizima kimejikunja kama ngumi. Rozeti. Ugonjwa huu wa karanga uliandikwa mara ya kwanza Tanganyika mwaka 1907, na unaletwa na virusi wanaobebwa na kidukari mweusi wa kunde, Aphis craccivora. Kidukari mmoja mwenye virusi akishanyonya mmea, kazi imekwisha. Mdudu kibibi akija kesho akamla, atakuwa amemla mwizi baada ya mali kuondoka. Na kwa kawaida huja kesho, kwa sababu hutaga mayai pale vidukari walipokwisha kuwa wengi. Ningependa kuandika kwamba Cheilomenes huokoa karanga. Hula makumi ya vidukari kwa siku, mabuu yake vivyo hivyo, na bila wao hali ingekuwa mbaya zaidi. Lakini dhidi ya rozeti, kupanda mapema mvua zinapoanza na kupanda kwa kubana kunasaidia kuliko jeshi langu la madoa, na mbegu zinazostahimili, kama zile za Serenut zilizotoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Serere, zinasaidia zaidi.

"Mwaka huu nilichelewa kupanda," shangazi akasema, kwa sauti ya chini. Kulikuwa na mazishi mwezi Machi. Wote tulikuwepo.

Bomba alilitua. Dawa aliyochanganya sikuuliza aliipeleka wapi.

Jumapili iliyofuata nilipanda taksi kwenda kumsalimu. "Shikamoo shangazi." "Marahaba, mwanangu, subiri nikuonyeshe." Alitoka chumbani na kisanduku cha kiberiti. Ndani kulikuwa na Cheilomenes wawili wapevu, wamekunja miguu, wamenuna, na kipande cha jani la karanga chenye bundo lililogandishwa kwa mkia. Alikuwa amewatenga wapevu na bundo kwa kipande cha karatasi. "Nimeona mabuu wao kwa wao wanatafunana," akasema. "Sikuwaamini."

Tuliweka jani kwenye kisahani barazani. Bundo likatikisika, kisha halikutikisika. Shangazi akaingia jikoni kugeuza gurusa, akatoka, akaingia tena. Karibu saa tano ngozi ilipasuka upande wa kichwa na kitu cha njano, laini kama siagi, kikajivuta nje. Hakikuwa na doa.

"Huyu ni mwingine kabisa," shangazi akasema. "Tazama, hana madoa."

"Ngoja."

Akaketi. Nilimpa lenzi, nikamwonyesha namna ya kuisogeza karibu na jicho badala ya kuisogeza karibu na mdudu. Akahesabu vidole: vitatu. Nikamwambia kuna cha nne kimejificha, akaangalia tena, akaguna. Mabawa ya ndani yalikuwa yamening'inia nje yakikauka kama kanga kwenye kamba. Adhana ya adhuhuri ilipolia, kivuli cha kijivu kilikuwa kimeanza kujichora pembeni mwa mshono, hafifu, kama chai iliyomwagika kwenye kitambaa cha meza.

Baada ya sala alirudi kabla yangu. "Mwezi," akaniita. "Njoo uone, unatoka mwezi." Kisha, lenzi ikiwa bado jichoni: "Sasa huyu ni yule wa mwezi au ni yule wa kiberiti?"

"Ni Cheilomenes, shangazi."

"Hilo nalijua. Halafu?"

"Halafu gurusa inapoa."